Machela Haitui Chini

Elius Mgaya alijifunza kutengeneza gemu la kompyuta kama alivyojifunza useremala: kwa kutazama kazi ya fundi na kufunga mdomo. Darasa lake la nne halikumwachia Kiingereza hata cha kuombea maji, na kozi yenyewe, ya bure, ya video za kwenye intaneti, ilikuwa Kiingereza kitupu. Basi kila Jumamosi, akishashusha mbao Makambako, aliketi kwenye kompyuta ya mwisho katika duka la intaneti la Zaitun, akatazama herufi alizoandika mwalimu wa kwenye video, naye akabonyeza zile zile. Mwalimu akikosea, Elius alikosea naye. Mwalimu akifuta, alifuta. Ilipita miezi mitatu ndipo Zaitun alipomwambia kwamba yale makosa hayakuwa sehemu ya somo.

"Najua, Mama Mudy," alimjibu. "Lakini fundi asiyekuonyesha anapokosea, huyo hajakufundisha."

Zaitun, mke wa Abdulaziz mwenye malori, alicheka, na tangu siku hiyo akawa anampakulia video mapema kabla ya wateja kujaa. Madereva waliofika kusoma barua pepe zao hawakumwacha salama. Mzee wa miaka hamsini na mbili, vumbi la mbao kwenye nyusi, anahangaika na gemu. Hamis, dereva wa njia ya Songea, alichungulia siku moja akaona watu wanne wembamba kama vijiti wamebeba kitu kirefu mabegani, wanapanda kilima.

"Fundi, gemu gani hii haina bunduki?"

"Wauaji wamo," Elius alisema bila kugeuka. "Ila hawashiki bunduki."

Watu wale wanne walikuwa wanampeleka mgonjwa kutoka milima ya juu ya Mlangali hadi hospitali ya misheni, Lugarawa. Kitu kirefu kilikuwa machela. Na sheria ya gemu ilikuwa moja, nayo Elius hakuitunga: kwao, machela ikishainuliwa na mgonjwa akiwa hai, haitui chini. Wabebaji hupokezana wakitembea, anayeingia anaweka bega chini ya mti kabla anayetoka hajatoa lake. Kinachowekwa chini njiani ni jeneza. Kwa hiyo kwenye gemu, machela ikigusa ardhi, unarudi ulikoanzia.

Elius aliijua sheria hiyo tangu utoto, na aliivunja mara moja tu. Walikuwa wamembeba Eveline, mkewe, wamefika kwenye kona yenye mikaratusi, ndipo simu ikalia. Alikuwa Hezekia, afisa wa serikali wa huko wakati ule. Akasema gari la ofisi limeshatoka, wasubiri hapo hapo barabarani wasije wakapishana. Wabebaji wakamtazama Elius. Elius, mtu aliyefundishwa kuitii serikali kama anavyoitii kengele ya kanisa, akasema tumweke chini. Walikaa pale tangu asubuhi hadi vivuli vikageuka upande wa pili, na Eveline akakata roho pale pale. Gari lilikuwa limekwenda kumpokea mgeni. Miaka hiyo waliambiwa soko ni huria na kila mtu abebe mzigo wake. Elius alikuwa ameubeba wa kwake barabara, mpaka mwenye gari alipomwambia autue. Baadaye, kwenye mkutano wa kijiji, taarifa ilisomwa kwamba mgonjwa alifuatwa na gari kwa wakati. Watu walipiga makofi, kama ilivyo desturi.

Elius alihamia Njombe mjini, akafungua karakana mtaa wa Ramadhani. Hezekia naye alihamia Njombe, yeye kwa kupandishwa cheo. Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa, akapewa kazi ya kuandaa maonesho ya ubunifu. Zaitun ndiye aliyemjazia Elius fomu ya kushiriki. Elius alitaka kitu kimoja: safari ya Eveline ionekane hadharani kama ilivyokuwa, mbele ya watu kama wale waliopiga makofi.

Hezekia alikuja Makambako mwenyewe kuikagua kazi. Hakumkumbuka fundi. Alivua koti, akaketi, na kwa kweli alibeba vizuri mpaka kwenye kona yenye mikaratusi. Hapo simu ya kwenye gemu ikalia, maandishi yakatokea: Gari limeshatoka, subirini. Hezekia akaiweka machela chini. Akajikuta mlimani. Akarudia, simu ikalia, akaweka chini. Mara ya tatu aliuliza gari linafika saa ngapi.

"Usiwasikilize hao wa simu, mheshimiwa," Hamis alimwambia kutoka nyuma. "Hapa sisi wote tumeshajua. Wewe tembea tu."

Watu wakacheka. Hezekia hakucheka. Aliyasoma tena yale maneno, kisha akamtazama Elius usoni, akamkumbuka, na mkono wake ukatoka kwenye kibodi.

"Mzee Elius," alisema kwa upole, "weka gari humo. Hata dogo. Meza yako ipo, karibu kabisa na mlango, wakubwa watapita hapo."

Elius aliitaka meza ile. Shati la kuvaa siku hiyo lilikuwa limeshapigwa pasi.

"Gari hilo nililisubiri nikamweka mke wangu chini," alisema. "Sitaliweka humu, mtu mwingine akalisubiri."

Jina lake likakatwa kwenye orodha kabla Hezekia hajavaa koti.

Lakini seremala hanyimwi meza. Siku ya maonesho Elius alitoa ya kwake, ya mninga, akaiweka mbele ya karakana, kwenye barabara ambayo kila mwenda maonesho lazima aipite. Zaitun alileta kompyuta kwa lori la mumewe. Kufikia saa nne watu walikuwa wamejazana hadi barabarani, wakiuliza kwa nini huko ndani hakuna kitu kama hiki.

Mgambo akatumwa. Aliitwa Methodi, na alikuja na amri fupi: hakuna kibali, meza iondoke sasa hivi. Kwenye kiti alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, Dorosela, muuza viazi, ulimi nje kwa bidii. Simu ilikuwa imeshalia, naye ameshaipita bila kupunguza mwendo.

"Kamwene," Elius alimsalimu mgambo. "Kwenu wapi?"

"Mlangali."

"Basi unaona wamebeba mgonjwa."

Methodi alitazama. Wale wanne walikuwa katikati ya mteremko, wanapokezana mabega. Nyuma yake mtu aliuliza kwa sauti, kutoka lango la maonesho, anasubiri nini. Methodi alivua kofia, akaikunja, akasimama kando ya meza kama wanavyosimama watu machela inapopita.

"Wafike kwanza," alisema.