Usukani Kichwani

Agustino alipotoka shule ya misheni Matombo alikuwa amechoka na mambo mawili: jembe, na kuulizwa lini atashika jembe. Kwa hiyo Mwinjuma alipopanda kutoka Morogoro mjini na karatasi yake, akisema Bwana Miwani, yule Mjerumani wa shamba la mpira kule Kingolwira, ameagiza boti ya matanga, chombo chake mwenyewe cha kutembelea tu, na anatafuta mabaharia, Agustino akawa wa kwanza kuandika jina. Aliliandika kwa mkono wake. Na pembeni ya jina akamwona Mwinjuma akiandika neno moja: baharia.

Nyumbani ikawa sherehe. Mama yake, Regina, akamshonea shati jeupe la merikani. Mjomba wake akazunguka kila penye pombe akitangaza kwamba ukoo wao sasa una mtu wa majini.

Basi wakashuka Morogoro, wanaume kumi na wanane, na boti wakaikuta stesheni. Imelala chini, vipande vipande, kila kipande kimefungwa magunia kama mgonjwa.

"Sasa maji yako wapi?" akauliza Yakobo, aliyekaa dawati moja na Agustino shuleni.

"Rufiji," Mwinjuma akasema. "Bwana anakwenda kupiga mamba. Mnaibeba mpaka huko, inaungwa, ndipo ubaharia unaanza."

"Tunaibeba na nini?"

"Kwani kichwa umekiacha Matombo?"

Wengine wakacheka. Agustino hakucheka. Mwinjuma akagawa mizigo, kisha akatoa sheria, ile ile ya misafara tangu enzi za baba zao: mzigo una mwenyewe, na hautui mpaka jina lako lisomwe uitike. Usiposomwa, mzigo haujapokelewa, unarudi nao ulikoutoa.

Agustino akapewa usukani. Ubao mmoja wa kuongozea boti, mpana, mwembamba, umepigwa rangi mpaka unang'aa. Bwana Miwani alikuja mwenyewe kumwonya kwa kidole.

"Huu ukipasuka, mwingine uko Ulaya. Miezi mitano. Umesikia?"

Akasikia. Hakuwa na ngata, akavua shati lake jeupe, akalikunja, akaliweka kichwani, usukani ukakaa juu yake.

Na njia yenyewe, we acha. Inapita Matombo. Yaani kati ya njia zote za dunia hii, wakapitishwa mbele ya nyumba zao. Mama yake alikuwa anapalilia mihogo. Akasimama, akaangalia ubao, akaangalia shati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndio ubaharia huo?"

"Bado. Uko mbele."

Mama akashika jembe lake. Aliinama akaendelea kupalilia, na mgongo wake ulimuuma Agustino kuliko shingo yake.

Wakashuka Kisaki, wakaingia kwenye joto na mbung'o, na siku ya nane wakaufikia mto. Ukingoni walikuwa wamekaa watu sita kutoka Bagamoyo. Nguo nyeupe, kofia nyeupe zenye utepe mweusi. Wanakula tende.

"Hao nani?" Agustino akauliza.

"Mabaharia," Mwinjuma akasema, na akawahi kuangalia pembeni.

Kisha akafungua karatasi. Haikuwa ile ya Matombo, hii ilikuwa mpya, safi. Akaanza kusoma, na kila aliyeitwa akatua kipande chake, fundi wa boti akakipokea na kukiunga. Yakobo, mpagazi. Nipo. Alois, mpagazi. Nipo. Kumi na saba waliitika hivyo, maana shingo zilikuwa zinawaka moto, na mtu ambaye shingo inawaka moto haulizi ameitwa nani.

"Agustino, mpagazi."

Agustino akabaki wima, usukani kichwani.

"Agustino. Tua."

"Huyo simjui. Mimi niliandikwa Agustino, baharia. Mwandishi ni wewe."

"Usinitie aibu mbele ya Bwana, mwanangu."

"Aibu nilishaipata Matombo, mbele ya mama yangu. Hii ni yako."

Bwana Miwani akauliza kuna nini. Mwinjuma akamnong'oneza. Bwana akamwita askari, na askari akaja amekwisha kuinua fimbo. Agustino akafumba macho. Akasubiri. Fimbo haikushuka.

"Acha," Bwana alikuwa anasema. "Acha, mjinga wewe. Ataangusha."

Agustino akafumbua macho. Polepole ikamwingia. Siku nane alikuwa ameuchukia ule ubao, kumbe mtu aliyeubeba hapigwi. Hasukumwi, hashikwi hata mkono. Ungeanguka kwenye mawe ya pale chini ungepasuka katikati, na boti yote ile ingekaa ukingoni miezi mitano kama kitanda.

Akageuka. Akaanza kurudi alikotoka.

"Unakwenda wapi?" Mwinjuma akamkimbilia.

"Sikusomwa. Unarudi ulikotoka. Si ndiyo sheria?"

"Utachoka."

"Nimechoka tangu Morogoro."

Bwana akapiga kelele kwa Kijerumani. Mmoja wa wale wa Bagamoyo akatumwa mbio na kofia nyeupe mkononi.

"Chukua, kaka. Bwana anasema chukua, wewe ni baharia, yaishe."

"Utaiweka wapi?"

Yule mtu akaangalia kichwa, akaangalia usukani, akabaki ameishika tu.

Agustino akaendelea kupanda. Shingo ilikuwa inatetemeka sasa, na jasho lilikuwa linamwingia machoni, lakini hakuharakisha. Nyuma yake akasikia karatasi ikifunguliwa. Ile ya zamani, ya Matombo, ilivyokunjika alijua mlio wake.

"Agustino," Mwinjuma akasoma, sauti imekauka. "Baharia."

Agustino akasimama, bila kutua. Kule chini wenzake kumi na saba walikuwa wameinuka, wanamtazama.

"Nipo," akasema. "Haya, Yakobo naye aliandikwa nani? Soma kwa nguvu, asikie."

Mwinjuma akamwangalia Bwana. Bwana akauangalia usukani.

"Yakobo," Mwinjuma akasoma. "Baharia."

"Endelea," Agustino akasema, bado hajatua.