Usiku wa Jumatano

Badria alikuwa mjane, na mjane anayekaa nyumbani kwa kakake hujifunza hata kukohoa kwa adabu. Akitaka jambo kwa Shamsudin hakuliomba. Alilizungusha siku mbili tatu, akalipitisha kwa mke wa kakake, hata likamfikia mwenyewe likiwa limepoa. Lakini hili la shule alimwambia uso kwa uso.

Nabiha, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na minne, na shule yao ya wasichana, karibu na Ngome ya Mombasa, ilikuwa inagawanywa. Vita vilikuwa vimekwisha, serikali ilikuwa na mipango, na mipango ya serikali haimwachi mtu alipo. Mwaka ule kungekuwa na darasa la vitabu na darasa la mikono. Wa vitabu wangesoma Kiingereza na hesabu miaka minne, kisha watoke walimu. Wa mikono wangeshona, wangefuma, wangejifunza kuoka keki ambayo hakuna mtu Kibokoni aliyewahi kuililia, na baada ya mwaka mmoja wangerudi nyumbani. Na kurudi nyumbani kila mtu alijua maana yake: kukaa ndani kungoja mume.

"Ataka vitabu," Badria alisema. "Na mimi nataka."

Kweli alitaka. Nabiha alikuwa mtoto wa kukunjua gazeti lililofungiwa halua akalisoma huku mafuta yanamchuruzika kiganjani. Sindano nayo ilikuwa adui yake. Ilimchoma kidole kabla haijagusa kitambaa. Badria mwenyewe alikuwa amehitimu Kurani tu, akaolewa, akafiwa, na sasa alikuwa akihesabu vijiko vya sukari katika nyumba ya mtu. Hakutaka mwanawe aje ahesabu vijiko.

Shamsudin, ambaye kadhi alimfanya walii, msimamizi wa Nabiha, kwa kuwa upande wa babake hakubaki mwanamume, aliweka kikombe chini. Alikuwa na duka la samli na tende Marikiti, akiwauzia Wahindi wenye maduka na wapishi wa majumba ya Wazungu kule Kizingo, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: hajapata kumkosea mteja siku ya kumpelekea mzigo.

"Watakani hao?" aliuliza.

"Walii akuye aahidi mbele ya Bibi Mkubwa wa shule kuwa hatamtoa mtoto kabla ya miaka minne. Asokwenda, mtoto wake ataingia mikono."

"Lini?"

"Usiku wa Jumatano, baada ya Isha. Mwalimu Jael ameandika ubaoni."

Shamsudin alizichana ndevu zake kwa vidole, akatazama dari. "Ntakwenda. Lakini mara moja, Badria. Mimi si mtu wa kwenda na kurudi."

Badria aliingia chumbani akasali rakaa mbili za shukrani. Alilia kidogo pia, kwa furaha, ambayo kwake ilikuwa imekuwa mgeni.

Saa hiyo ya usiku Bibi Mkubwa wa shule, mama wa Kizungu, aliichagua mwenyewe, kwa wema. Alikuwa amekaa Mombasa miaka ya kutosha kujua kwamba wanawake wa Mji wa Kale hawatoki mchana, basi akataka na kina mama waje. Akamwambia Mwalimu Jael, mgeni kutoka bara, aandike kwa Kiswahili. Jael akaandika.

Basi walikwenda. Shamsudin mbele na joho na bakora yake, Badria nyuma ndani ya buibui, na kila kichochoro kilitoa watu wengine wenye taa mkononi, hata ikawa kama wanakwenda maulidini. Badria alisikia sauti za wanawake anaowajua, wakicheka chini chini. Walipofika walikuta lango lina kufuli na madirisha yote ni giza.

Awiti, mlinzi, alitoka akifunga mshipi. "Hapa hakuna mkutano," alisema. "Bibi Mkubwa yuko kwake. Mimi sikuambiwa neno."

Watu walinung'unika. Mmoja alisema pengine wangoje. Ndipo Shamsudin alipolipiga lango kwa bakora.

"Twaitwa kama wapagazi, kisha twafungiwa mlango!" Sauti yake ilifika mwisho wa mtaa. "Wallahi, mlango huu siukanyagi tena maishani mwangu!"

Wanaume wengine nao wakaapa, kwa kuwa hasira huambukiza kuliko surua. Badria alimfuata kakake nyumbani.

Siku ya pili, baada ya Magharibi, Nabiha alikuwa juu ya dari akianua nguo. Aliteremka mbio. "Mama! Shule yawaka taa!"

Badria alielewa pale pale, akaona aibu kwa kutoelewa mapema. Kwa watu wa Mji wa Kale siku huanza jua linapokuchwa. Jumanne ikiadhiniwa Magharibi, huo tayari ni usiku wa Jumatano, na ndio ule waliokwenda. Mwalimu wa bara hakulijua hilo. Kwao Jumatano haina usiku mpaka iwe na mchana kwanza.

Alimwendea kakake. "Ni leo. Walikosea kuandika. Twende, ndugu yangu, watungoja."

"Nimeapa."

"Kiapo kina kafara. Tutalisha maskini kumi, ntauza bangili zangu."

"Mimi sikuapa kwa bangili zako," Shamsudin alisema, akageuza uso.

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Badria aliubusu, kisha akavaa buibui akaenda peke yake, jambo ambalo hajapata kulifanya.

Ukumbi ulikuwa umejaa viti na hauna watu. Alikuwapo Alibhai muuza vitambaa na mkewe Shirinbai, na akina baba watatu wanaofanya kazi za ofisini. Bibi Mkubwa alikaa mezani, uso umemshuka. Alimuuliza Badria kitu, na Jael akafasiri: walii wake yuko wapi? Mama peke yake hatoshi. Mwaka uliopita mama mmoja aliahidi mtoto hatatolewa shuleni, ami wa mtoto akaja na wakili akamtoa.

"Walii alikuya jana," Badria alisema. "Sote tulikuya. Mulitufungia."

"Jana?" Jael alishangaa. "Lakini niliandika usiku wa Jumatano."

"Usiku wa Jumatano ni jana, mwalimu. Huu ni usiku wa Alhamisi."

Jael aliziba mdomo kwa mkono. Alipomfasiria Bibi Mkubwa, yule mama alisema, na lazima asifiwe kwa hilo, kwamba kosa ni la shule. Atangoja mpaka Jumamosi adhuhuri. Wazazi wote waambiwe.

Wakaambiwa. Ijumaa baada ya sala, na Jumamosi asubuhi, wale waliopayuka langoni walirudi mmoja mmoja, kichwa chini, kalamu mkononi. Viapo vya watu wengine vilikuwa laini. Cha Shamsudin hakikulainika. Badria alimpigia magoti mbele ya mkewe. Akamtaja marehemu mama yao. Adhuhuri ya Jumamosi iliadhiniwa Shamsudin yuko dukani akimpimia mtu samli.

Nabiha hakulia. Jumatatu alikwenda akakaa kwenye darasa la mikono, dirishani, ambako alisikia wenzake wa upande wa pili wakikariri kwa sauti moja. Kazi ya kwanza waliyopewa wa mikono ilikuwa kushona sare za wa vitabu. Alishona sare ya rafiki yake Zarina, binti wa Alibhai, akaifumua mara tatu, na ya nne ikakubali. Nyumbani alionyesha vidole vilivyotobolewa, akasema havimuumi. Tangu hapo magazeti ya halua alikuwa akiyatupa bila kuyakunjua. Hilo ndilo lililomkata Badria maini kuliko vidole.

Hata hivyo alimsamehe kakake. Alijiambia wanaume ndivyo walivyo, kiapo kikishawatoka hawajui kukimeza, na kosa la kwanza ni la mwalimu wa watu, maskini, ambaye hakukusudia. Mtu hawezi kula chakula cha mwenziwe kila siku huku amemchukia, tonge haliteremki.

Mwaka ulipokwisha posa ilikuja. Alikuwa Abdulghafur, mshirika wa Shamsudin katika samli, mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili. Hakuna aliyemuuliza Badria kitu. Aliambiwa mahari, akaambiwa na siku, usiku wa Ijumaa ijayo, akaanza kuchambua mchele.

Siku ile ya kualika alikuwa ukumbini, nyuma ya pazia, akitunga asumini. Barazani Shamsudin alikuwa akimpa maagizo Mahfudha, mwanamke aliyezunguka majumbani kupeleka mialiko. Alimtajia nyumba moja moja, kwa utaratibu wake wa dukani.

"Na sikiza sana hapa," alisema. "Ukenda kwa Alibhai, na kwa walimu wa shule, usiwambie usiku wa Ijumaa. Wale watakuya Ijumaa jioni, wakute mlango umefungwa. Wambie Alhamisi usiku. Hesabu yao si yetu."

Mahfudha alicheka. "Wewe wayua mambo, bwana."

"Miaka ishirini napeleka samli karamuni Kizingo. Nisingeyua hilo ningekula nini?"

Uzi ulimtoka Badria mkononi, asumini zikamwagika mkekani. Alingoja Mahfudha aondoke, kisha akapenya pazia akasimama mbele ya kakake bila ushungi.

"Uliyua," alisema. "Usiku ule tulipokwenda. Uliyua si usiku wao, ukenda kuapa tu."

Shamsudin alizichana ndevu zake kwa vidole. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Nalikuwa nimeshampa Abdulghafur neno langu juu ya Nabiha," alisema taratibu. "Ningempaje na yule Mzungu miaka minne? Neno ni moja, Badria. Na wewe nisingeweza kukwambia la, ulivyokuwa ukifurahi."

Badria alitaka kusema kitu kikubwa, kitu cha kuivunja nyumba. Alitazama huku na huku, akaona nyumba si yake. Akarudi ndani.

Nabiha alikuwa kitandani anashona foronya za harusi yake. Pindo lilikuwa limenyooka sawasawa, mshono mdogo mdogo, hauna kasoro. Bibi Mkubwa mwenyewe alikuwa ameusifu mkono wake.

"Mjomba alikuwa akisema na nani?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Na Mahfudha," Badria alisema, akaketi karibu naye, akaokota sindano ya pili. "Amfundisha siku."