Muswada Uliotolewa Matumbo

Ninaiogopa Barabara Namba Kumi na Tisa. Naandika hivyo bila aibu, mimi mwanamume wa miaka sabini na moja, niliyefanya kazi miaka thelathini juu ya maghala ya nafaka, futi mia na ishirini kutoka ardhini, mara nyingine bila kamba. Urefu haukuwahi kunitisha. Kinachonitisha ni daraja la Kijito cha Sauer, maili kumi na nne kutoka nyumbani kwangu. Pale lami inashika barafu kabla ya mahali pengine popote, barafu isiyoonekana, nyeusi kama lami yenyewe. Mke wangu Rosalie alifia pale, Februari, miaka minne iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Watu wa barabara wa jimbo walikuwa wameandikiwa mara tatu waweke kingo za chuma pembeni. Waliziweka mwezi mmoja baada ya mazishi. Upande mmoja tu.

Mjukuu wangu Kendra, wa miaka tisa, anaishi na mimi. Baba yake, mwanangu Troy, anachomelea mabomba ya gesi huko kaskazini na kuja nyumbani Krismasi. Shule ya Kendra iko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu. Nikisimama kwenye sinki la jikoni namwona anavyovuka mpaka anaingia. Shule nzima ina watoto hamsini na wanane. Ikifungwa, watapelekwa Garrity, maili thelathini na moja, kwa basi, juu ya daraja lile, kwenda na kurudi, majira yote ya baridi. Mengine yote nitakayoandika hapa, benki na kodi na kiwanda, yaliingia maishani mwangu kwa sababu ya hilo.

Aliyeyaleta ni shemeji yangu Marlene, mdogo wake Rosalie, meneja wa benki ya mji wetu wa Orsby. Benki yenyewe ina wafanyakazi watatu na mlango unaobana. Alikuja Jumapili baada ya misa.

"Shemeji, toa lile koti lako la mazishi. Jumanne tunakwenda bungeni."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Tunakwenda kuzuia shule isife. Kuna Muswada Namba 318. Pesa za shule zote za jimbo zinalala kwenye mabenki makubwa ya mjini. Huu unasema zilale kwenye benki za miji yao, na faida yake iachiwe shule ndogo. Ukipita, Orsby inapumua miaka mitano."

"Na mimi nikaseme nini? Mimi niliishia darasa la tisa, Marlene."

"Kaseme ya daraja. Mimi nitasema ya benki. Wakinisikiliza mimi watalala, wewe utawaamsha."

Basi tukaenda. Bunge la jimbo letu lina utaratibu wake. Ukitaka kusema mbele ya kamati, unajaza kadi mlangoni: ya kijani kama unaunga mkono, nyekundu kama unapinga, nyeupe kama huna upande. Nikachukua ya kijani. Miwani nilikuwa nimeiacha garini, na nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wakulima wa maziwa waliokuja kwa muswada mwingine, wamechoka kusubiri.

"Jina hapa," Marlene akanionyesha kwa kidole. "Mji hapa. Halafu tia vema kwenye kile kisanduku cha chini, tuingie."

Nikatia vema.

Nilipewa dakika mbili. Nikashika meza. Nikasema ya daraja, nikasema ya Rosalie, na kwamba kila asubuhi namwona mtoto akiingia shuleni ndipo naweza kumeza kahawa. Taa nyekundu ikawaka. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye nywele nyeupe, akasema, "Pole sana kwa mkeo, Bwana Befort." Seneta wetu, Clark Weigand, aliyekula chakula cha matanga nyumbani kwangu, akanikonyeza. Njiani kurudi tulikula mikate ya kabichi na nyama aliyooka Marlene, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akicheka kicheko cha dada yake.

Alhamisi aliingia kwangu bila kubisha.

"Shemeji, wameutoa matumbo."

"Nini?"

"Muswada. Wameutoa matumbo kama kuku."

Nikadhani ni maneno yake ya hasira. Kumbe ndivyo wanavyosema hata wao wenyewe huko bungeni, wala hawaoni haya. Namba inabaki. Kichwa chake kinabaki. Ndani wanachomoa kila kitu na kujaza mengine wanayoyataka, kwa sababu muswada huo umeshapita kwenye kamati na hauna haja ya kuanza upya. Kwenye ngozi ya 318 walijaza msamaha wa kodi wa miaka kumi kwa kampuni itakayojenga kiwanda cha nyama Garrity. Na ili kuziba pengo la kodi hiyo, kila wilaya ya shule yenye watoto pungufu ya mia iunganishwe na jirani yake ifikapo Agosti.

"Na za benki?"

"Zimekwenda na matumbo." Akakaa, hakuvua koti. "Halafu kuna jingine. Jina lako bado limo."

Usiku wa siku hiyo sikulala vizuri, lakini asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya. Sisi wazee wa Orsby tunakunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, saa moja kamili. Nilipofungua mlango, Delbert Yunk, niliyefanya naye kazi maghalani, akavua kofia.

"Simameni jamani, mheshimiwa anaingia!"

Gazeti lilikuwa mezani. Orodha ya waliounga mkono Muswada Namba 318: kampuni, chama cha wafanyabiashara, meya wa Garrity, na chini kabisa, Alvin Befort, mlezi wa mwanafunzi, Orsby.

"Wamekupa nini, Alvin? Paja la ng'ombe kila Ijumaa?"

"Delbert, nilisimama kwa ajili ya shule."

"Umesimama wewe, shule imelala."

Wakacheka, ila si sana. Arlis, mwenye kituo, ana watoto wawili darasa moja na Kendra. Alizunguka na birika, akajaza vikombe vyote, akaruka changu. Afadhali angenimwagia.

Kura ya Seneti ilipangwa Jumatatu saa nane mchana. Nikamwambia Marlene twende tukafute jina. Akatazama sakafu.

"Siwezi, shemeji. Chama cha mabenki kimetuambia tunyamaze. Tutapewa chetu mwakani."

"Rosalie angekwenda."

"Najua. Usinipige na Rosalie."

Nikaenda peke yangu. Theluji ilikuwa imeanguka alfajiri. Watu wenye akili timamu huzunguka kwa Njia ya Kaunti, lakini ningechelewa. Kabla ya daraja nilisimamisha pikapu, nikawasha taa za dharura. Nikafungua mkanda, nikateremsha kioo, nikiwaza nikitumbukia angalau nitatoka. Halafu nikawaza: basi la shule lina watoto arobaini na mlango mmoja mbele. Nani atawafungua mikanda wale wa chekechea? Dereva gani ana mikono mingi hivyo? Lori likanipigia honi nyuma. Nikavuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, mdomo wazi, na nyuma ya daraja nikasimama tena nikatapika kahawa yote kwenye theluji.

Karani wa kamati alikuwa kijana mwenye tai ya njano, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Mzee, nakuelewa. Lakini kadi inafuata namba, haifuati maneno yaliyomo."

"Maneno niliyoyaunga mkono hayapo tena!"

"Namba ipo."

"Basi nipe kadi nyekundu."

"Kamati imeshafunga tangu Jumatano, mzee wangu." Akavuta droo, akatoa kadi yangu ya kijani, akaigeuza nione. Safari hii miwani nilikuwa nayo. Chini kabisa, kwa herufi za kuchosha macho, palikuwa na kisanduku: Naunga mkono muswada huu pamoja na marekebisho yoyote yatakayofanywa. Ndani yake palikuwa na vema langu, limelala upande kama ninavyoandika siku zote.

"Hiki ukikiacha wazi," akasema kwa sauti ya chini, "tunakupigia simu kila wakibadilisha."

Ni watu wangapi wanaokijua kisanduku hicho? Nani alikiweka chini, nani alichagua ukubwa wa herufi zake? Kuna mtu alilipwa kukaa mezani kufikiria hilo.

Weigand nilimkuta kwenye ukumbi wa nje, anakula karanga.

"Clark, toa jina langu."

"Alvin, ndugu yangu! Kiwanda ni ajira mia mbili. Bila kiwanda, miaka kumi ijayo kaunti yetu itabaki makaburi na makanisa."

"Mtoto atapita darajani."

"Mabasi ya siku hizi ni imara."

"Daraja je?"

Akatazama saa. "Daraja ni la Idara ya Barabara. Muswada huu ni wa elimu."

"Jumanne mlisema ni wa benki."

"Ulikuwa wa benki," akasema, akanipiga bega na kuingia.

Nikapanda roshani ya wageni. Pale juu hairuhusiwi kusema, kupiga makofi wala kuvaa kofia. Seneta mmoja wa mjini akauliza kama watu wa vijijini wameulizwa. Weigand akasimama. Akasema wameulizwa, tena wamekuja wenyewe. Akasema yupo mzee wa Orsby, mjane, aliyempoteza mkewe kwenye barabara ya wilaya ileile, na bado ana moyo wa kutazama mbele. Kadi yake ya kijani ipo, kila seneta anaweza kuiona.

Woga wa darajani ninaujua. Huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa woga wa mtu anayesikia anasemewa akiwa hai. Rosalie alikuwa amefanywa karanga za Clark, kitu cha kutafuna. Nikasimama.

"Sikuunga mkono! Mmenibadilishia! Mke wangu mwacheni!"

Vichwa vyote vikageuka juu. Mwenyekiti wa Seneti akagonga nyundo. Mlinzi, mama mnene wa makamo, akanishika kiwiko.

"Twende, babu. Taratibu, ngazi zinateleza."

"Mwanao anasoma wapi?" nikamuuliza.

"Mjini hapa," akasema, akainamisha macho.

Matokeo niliyasikia kupitia kipaza sauti cha ukumbi, nikiwa nafunga koti. Ishirini na mbili wamekubali, kumi na saba wamekataa. Gavana alitia saini wiki iliyofuata, kwenye picha akiwa amezungukwa na watoto wa Garrity walioshika bendera ndogo.

Jioni ile nilirudi kwa Njia ya Kaunti, nikazunguka maili arobaini. Sikuweza kuvuka tena. Kendra alikuwa mezani kwangu na Marlene, kazi za shule zimetandazwa. Mwalimu alikuwa ameshawaambia. Marlene alinisogezea sahani, hakunitazama, nami sikumtazama. Sina nguvu za kumchukia mtu mwenye uso ule wa Rosalie.

"Babu," Kendra akasema, "basi litakuwa la njano kama la baba alipokuwa mdogo?"

"La njano."

Akaendelea kupaka rangi ramani. Halafu bila kuinua kichwa:

"Kiti kipi hakifi?"

"Nini?"

"Kwenye basi. Likianguka kwenye kijito. Nikae kiti kipi?"

Marlene akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya jokofu lililofungwa. Mimi nilifungua mdomo nikamwambia basi haliangukagi. Kendra akanitazama kwa macho ya mtu anayejua bibi yake amelala wapi. Nikasema katikati, karibu na dirisha la dharura. Akauliza upande gani, wenye kingo au usio na kingo. Asubuhi basi litakuwa na kingo kulia, jioni kushoto. Alikuwa ameshalifikiria zaidi ya Seneti nzima.

Nikamwambia nitauliza.

Nimeuliza. Nimemwandikia Clark Weigand barua kwa mkono wangu, swali moja tu, kama alivyoliuliza mtoto, na nikatia jina langu. Ofisi yake imenijibu kwa karatasi nzuri nene: wanashukuru kwa kuwasiliana nao kuhusu Muswada Namba 318, na kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba ninauunga mkono. Shule ya Garrity inafunguliwa tarehe kumi na nane Agosti. Barafu ya kwanza hapa kwetu huja kabla Oktoba haijaisha. Kendra ananiuliza kila Jumapili kama wamejibu.