Sekunde Nane za Hodi

Mwalimu Sixbert alikuwa mtu mwema, ila kwa filamu ya Nasrin alikuwa king'ang'anizi. "Binti, kazi yako ina mapengo kuliko mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza," alimwambia. "Bibi anapiga hodi, kimya. Anapiga tena, kimya. Kata hapo, watu watalala!"

Nasrin hakukata. Filamu ilikuwa ya dakika tano, ameirekodi kwa simu kwao Mapinga mwezi wa Ramadhani, akimfuata bibi yake, Bi Batuli, alipokuwa akiwapelekea majirani wapya kalimati. Zamani bibi aliingia nyumba yoyote. Siku hizi viwanja vimeuzwa, kuta zimepanda, na mageti hayana masikio. Kila hodi Nasrin aliiachia sekunde nane za kimya, kwa sababu hivyo ndivyo bibi yake alivyosubiri, sahani mkononi.

Siku ya tamasha la filamu za wanafunzi, ukumbi pale Bagamoyo ulijaa pomoni. Mshindi angepata mwezi mzima wa mafunzo ya filamu, na Nasrin aliutaka mwezi huo mpaka akakosa usingizi. Lakini alichoogopa zaidi ni watu kumcheka bibi yake, aliyekaa mstari wa mbele na kanga zake mpya, filamu yenyewe hajawahi kuiona.

Picha ikawaka ukutani. Geti la kwanza. "Hodi!" Kimya.

"Mtandao umekata!" akapayuka kijana mmoja nyuma, wenzake wakaangua kicheko. Nasrin alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu Sixbert akamtupia jicho la si nilikwambia.

"Hodi!" bibi wa ukutani akarudia.

"Karibu!" akaitika bibi wa mstari wa mbele, kwa sauti ileile ya uani kwake.

Watu walivunjika mbavu. Bi Batuli akageuka, wala hana habari. "Mnacheka nini? Mtu anapiga hodi nanyi kimya kama maji ya mtungini! Mmelelewa wapi nyie?"

Lo! Geti la pili, la bluu, "Hodi!" na watu kama kumi wakaitika. Hodi iliyofuata ikaitikiwa na nusu ya ukumbi, yule kijana wa mtandao akiwa wa kwanza. Kufika geti la tatu, "Karibuuu!" ilitoka kwa pamoja mpaka mabati yakatetemeka, na kila mwitikio uliingia sawasawa kwenye zile sekunde nane. Bibi wa ukutani hakuwasikia. Akaweka kawa vizuri juu ya sahani, akarudi nayo nyumbani imejaa vilevile, na hapo kicheko kikakatika. Baadhi ya watu walijifuta macho.

Jaji mkuu, Bwana Alawi, hakuzunguka. "Mshindi wa kwanza ni Nasrin Muharami wa Mapinga. Angeukata ule ukimya, sisi tungeitikia wapi?"

Mwalimu Sixbert aliruka kupiga makofi; ungemwona ungedhani wazo lilikuwa lake.

Nasrin alimpandisha bibi yake jukwaani. Makofi hayajaisha, mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Evarista, mwanangu Linda naye ameleta filamu yake hapa. Lile geti la bluu ni langu. Siku ile nilikuwa ndani. Hodi zote nilizisikia, nikadhani ni mtu anauza vitu. Nisamehe. Tafadhali uje tena, nitafungua."

Ukumbi mzima ukamgeukia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakusamehe," akasema Bi Batuli kwenye kipaza sauti. "Ila kuja tena, siji ng'o! Safari hii ukapige hodi wewe. Kwangu hakuna geti."

"Nakuja leo leo, bibi," akajibu Evarista.

Vigelegele vikapigwa. Nasrin alisimama pale na cheti chake, machozi yanamtiririka kwa furaha, na hakujali hata kidogo nani anamwona.