Mwandiko wa Pili

Bi Hester Garroway alikuwa na miaka sabini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kwa mwanamke mmoja aliyekufa zamani za kale. Huyo alikuwa mtawa, alijifungia katika chumba ubavuni mwa kanisa, akaandika kitabu cha sala kwa Kiingereza ambacho leo hata Waingereza wenyewe hawakielewi. Hester aliandika kitabu kizima juu yake. Hoja yake ilikuwa moja: kazi yote ile ilitoka katika mkono mmoja, wa mtu aliyeishi peke yake mpaka kufa. Kitabu kilichapishwa, kikapangwa maktabani, kikanyamaza.

Mwezi wa Februari Alban Thripp akampigia simu. Alban alikuwa mhariri wa jarida la chama chao, chama cha wasomi wa lugha na fasihi za Zama za Kati, kilichokuwa kikipunguza wanachama kila majira ya baridi.

"Hester, kuna makala nataka uipime. Inamhusu mtawa wako."

"Kaiandika nani?"

"Acha ujanja. Unajua hatutaji majina ya waandishi kabla makala haijatoka."

"Basi mpe mwingine."

"Mwingine yupi? Tumebaki wewe na Crispin, na Crispin siku hizi hatofautishi Kilatini na cheti cha daktari."

Makala ikaja kwa posta. Aliisoma jikoni mpaka chai ikapoa. Mwandishi alidai miandiko ya kile kitabu cha sala ni miwili: kuanzia ukurasa wa arobaini, mkia wa herufi g unakunjwa vingine. Watawa walikuwa wawili.

"Upuuzi!" alisema Hester. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Kesho yake akapanda baiskeli kwenye manyunyu hadi maktaba. Wakamletea muswada wenyewe wa mtawa, wakaulaza juu ya mto laini wa kuulinda usichanike. Akainama na kioo cha kukuzia hadi saa sita mchana. Mkia wa g ulikuwa vilevile kama makala ilivyosema. Kwenye ukingo wa ukurasa wa sitini na mbili palikuwa na maneno madogo: "Umeruka mstari, dada." Hester aliyajua maneno hayo. Katika kitabu chake alieleza kwamba mtawa, kwa upweke, alikuwa akijitania mwenyewe.

Aibu haikumuuma kama wivu. Miaka yote ile, kila alipofungua mlango wa nyumba yake tupu, alijiambia kuwa yuko mwenzake aliyeweza kuishi peke yake. Kumbe mwenzake alikuwa na mwenziwe.

Usiku alirudia tanbihi za makala. Kitabu chake kilitajwa mara sitini na moja. Hata kosa la chapa la ukurasa wa mia mbili na tatu, ambalo alilijua yeye tu, lilikuwa limeonwa na kusahihishwa kwa adabu. Katika dunia nzima, mtu mmoja alikuwa amemsoma mpaka mwisho, naye ndiye aliyemwangusha.

Asubuhi akampigia Alban.

"Chapisheni."

"Hivihivi? Hester, inakubomoa!"

"Ni kweli tupu. Naweza kumwandikia huyo mwandishi?"

"Mpaka itoke. Novemba."

"Mbali mno, Alban."

"Kanuni hizo, bibi. Nani alizitunga? Si wewe?"

Novemba jarida likafika na jina: Ottilie Brandreth. Hester aliandika barua ya kurasa nne. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, fupi.

"Asante sana. Samahani, sikujua kama bado uko hai. Makala hiyo niliiandika mwaka wangu wa mwisho chuoni. Kazi sikupata, sasa nafundisha hesabu shule ya watoto huku kaskazini, na miswada hiyo ya kale nimeiacha."

Hester alilisoma amesimama, koti bado mwilini. Kisha akaketi mezani akaandika upya, safari hii mistari miwili tu: ukurasa wa themanini wa muswada ameukagua mara tatu, na hawezi kuamua ni mkono wa nani kati ya watawa wale wawili. Je, Ottilie anakumbuka?

Akavaa kofia, akaipeleka barua posta kabla hawajafunga.