Gari la Chuma na Wasukumaji Wake

Turubai lililofunika sanamu mpya lilipoanguka, umati wote ulisogea mbele. Pikapu la chuma, refu kuliko duka la vipuri lililokuwa nyuma yake, lilisimama njia panda kama madereva walivyoliagiza: taa kubwa kama masufuria ya harusi, bodi imesheheni magunia ya bati. Balaa lilikuwa kwa nyuma. Huko watu wa chuma walijipanga, migongo imepinda, matako juu, wakilisukuma.

Mwenyekiti wa madereva alimgeukia Cheche, mpwa wake, fundi wa kuchomelea aliyelijenga.

"Shikamoo, mjomba."

"Shikamoo yako kaa nayo! Tulitaka wapita njia wajue huu ni mji wa magari. Wewe umetuwekea gari bovu!"

"Nani hapa hajawahi kusukuma?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mji ule betri zilikuwa hoi, mtu haegeshi pasipo na mteremko, na baba mkwe haridhiki na mchumba mpaka amwone akisukuma.

Mwenyekiti hakutaka kusikia. Akaletewa mashine ya kukatia chuma, akaiwasha.

"Waombe watu radhi, uwaondoe hao mwenyewe kwa adabu. La sivyo nawakata mimi, sasa hivi."

Msimu mzima wa jasho la Cheche ulikuwa pale. Alipanda, akaketi juu ya mgongo wa msukumaji wa mwisho.

"Basi anza na mimi."

Muuza vipuri akasogea, akakodoa macho. "Hebu ngojeni. Huyu mwenye kiraka si mimi?"

"Wewe ulisukuma lini, mvivu mkubwa?" mkewe akamdaka. "Huyo ni mimi! Kilemba hukioni?"

"Na mimi mbona simo?" mwingine akalalama.

Kicheko kikalipuka. Punde watu wakajazana mbele ya mashine, kila mmoja akiulinda mgongo wake.

Mwenyekiti akachungulia dirishani mwa pikapu. "Na huyu bonge aliyeshika usukani, mdomo wazi, anafokea wenzake, ni nani?"

Watu wakamtazama yeye na tumbo lake, wakashika mbavu.

Mwenyekiti akaizima mashine. "Haya, wabaki. Lakini mimi ni kaka wa mama yako. Niombe radhi mbele ya hawa. Neno moja tu, yaishe."

Cheche akajifuta masizi usoni.

"Siombi, mjomba. Siombi ng'o."