Gari Lililochaguliwa kwa Sikio

Kitendawili! Nina mnyama hali majani, hanywi maji, na anabeba ukoo mzima. Mjukuu wangu Chiriku, tunayemwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haupumziki, alinikatiza: "Gari la umeme, Bibi! Hata hukuficha."

Ndilo tulilokwenda kutafuta. La zamani lilikuwa limechoka, linakohoa moshi mpaka nguo kwenye kamba zinanuka. Mwanangu na mkewe, ambaye hushona sare na kuzipeleka mashuleni, walikwisha kukubaliana: safari hii la umeme. Lakini kwetu gari halinunuliwi mpaka mume wangu aweke sikio kwenye boneti. Alikuwa fundi makanika, watu wakamwita Sikio. Sasa macho yamezima, sikio limebaki.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Gari letu hulala uani, palepale anapopita mzee kila siku, peke yake, kwenda kibandani kushikashika spana zake. La zamani alikuwa akilisikia tangu kona ya barabara, anajiweka kando. Mwanangu aliniita pembeni: "Mama, likija hili lisilo na mlio, Baba asitoke tena bila kushikwa mkono."

Ashikwe mkono ndani ya ua wake mwenyewe? Angekufa akiwa mzima.

Kwenye yadi ya magari, muuzaji alitutolea mawili. La kwanza jekundu, na buti lake ungeweza kutandika kitanda humo. Mkwe wangu akaanza kupanga marobota ya sare kwa macho. Mzee akainama, akaweka sikio.

"Washa."

"Linawaka, mzee," muuzaji akasema.

"Linawaka wapi? Hili ni maiti. Poleni wafiwa."

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Nisimamisheni pale uwanjani, lije kwa nyuma yangu. Nikilisikia nitainua mkono."

"Baba, acha mchezo," mwanangu akasema.

"Si unaendesha wewe? Au una mpango wa kunigonga?"

Jekundu likaja. Wallahi! Chuma kikubwa vile, kizito vile, kinateleza kama kivuli cha wingu, bila hata pumzi! Mzee anapiga soga na Chiriku, mkono uko chini. Mwanangu akafunga breki karibu kabisa na mgongo wake.

"Mbona hamuanzi?" mzee akauliza.

Mkwe wangu, aliyekwisha kulipenda, alifunga lile buti taratibu.

Muuzaji akajikuna kichwa. Lile jekundu, alisema, ni la matoleo ya mwanzo. La pili, dogo la rangi ya majivu, limewekewa mlio wake wa kuwaonya waenda kwa miguu linapokwenda polepole.

Likaletwa. Mimi nilikuwa bado sijasikia kitu, na mkono wa mzee ulikwisha kwenda juu. Ukabaki hukohuko.

"Mama watoto," akaniita kwa sauti ya chini, kama tuko mahali pa ibada. "Unasikia? Kama mtu anayeimba amefumba mdomo." Akainamisha kichwa. "Sasa linakata kona. Sasa linarudi nyuma. Limesimama."

Yote kweli. Nikamtazama mtu niliyezeeka naye kama ndiyo kwanza namwona.

"Lakini buti dogo," mwanangu akamwambia mkewe.

"Sare zitakwenda safari mbili. Baba mkwe hana miguu ya akiba."

Siku tuliyolileta nyumbani, mzee alishuka getini akakataa kushikwa. Akatangulia kuelekea kibandani, gari likimfuata kwa mbali. Nami nikawa nyuma yake, mikono tayari kumdaka. Katikati ya ua akasimama, akasogea hadi ukutani, kisha akampungia mwanangu kama askari wa barabarani.

"Pita, pita! Unazuia njia!"

Gari likapita likiimba. Nikaishusha mikono yangu.